'Droplets': Tone, kitone au kijitone? Neno dogo lililotutesa wakati wa korona

Machi 13, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha ugonjwa wa korona nchini Kenya. Kuanzia hapo, Wakenya waliketi alasiri mbele ya runinga na redio kusikiliza idadi ya walioambukizwa. Pamoja na takwimu hizo likaja neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hatukuwa tumelitilia maanani: 'droplets'. Tuliambiwa kwamba virusi husafiri ndani ya 'droplets', kwamba barakoa huzuia 'droplets', na kwamba tukiachiana nafasi ya mita moja au zaidi, 'droplets' hazitatufikia.

Wanahabari wa Kiswahili walikuwa na kibarua. Waliyoyasikia kwa Kiingereza alasiri yalihitajika kwa Kiswahili katika taarifa ya saa moja jioni. Baadhi yao walisema 'matone'. Wengine walisema 'vitone', wengine 'vijitone', na wapo walioamua kusema 'majimaji yanayotoka mdomoni na puani'. Walioshindwa kabisa walisema 'madroplets' kisha wakaendelea na safari yao.

Huenda msomaji akauliza: si mradi watu wameelewa? Hapo ndipo penye shida. Nilikuwa na jirani mzee wa miaka sabini na ushei, mtu msikivu na mpenda habari. Siku moja nilimkuta ameketi na wenzake wanne katika chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, barakoa zote ziko kidevuni. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mimi nikiongea sitemi mate. Hata hawa wenzangu hawatemi. Sasa hayo matone mnayotutisha nayo ni ya nani?"

Sikumpa jibu la maana siku hiyo. Nilipolitafakari swali lake baadaye, niligundua kwamba mzee hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa akiifuata lugha. Tone analolijua yeye ni kitu kinachoonekana, kina uzito, na kazi yake ni kudondoka. Kama halionekani wala halijamwangukia mtu, basi halipo. Ili tumjibu ipasavyo, hatuna budi kulifuata neno hili tangu lilikotoka.

Katika Kiingereza, 'droplet' limeundwa kwa 'drop', yaani tone, na kiambishi tamati '-let' ambacho huleta dhana ya udogo. Kiambishi hicho Waingereza walikitoa katika Kifaransa cha kale, na ndicho kinachopatikana katika 'booklet', yaani kijitabu, na 'piglet', yaani mtoto wa nguruwe. William Shakespeare ni miongoni mwa waandishi wa mapema kabisa wanaojulikana kulitumia. Limo katika tamthilia yake Timon of Athens, iliyochapishwa mwaka 1623, na humo halihusiani na ugonjwa wowote. Vitone vinavyotajwa pale ni machozi.

Kwa muda mrefu baada ya hapo neno hilo liliishi maisha ya kawaida. Lilitumiwa kuelezea umande juu ya majani, mvua kwenye kioo, au mafuta yanayoelea juu ya maji. Halikuwa na hofu ndani yake. Hofu ililiingia mwishoni mwa karne ya 19, na iliingilia mlango wa Kijerumani.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakigombana kuhusu namna magonjwa yanavyoenea. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu inayopanda kutoka kwenye vinamasi na mizoga. Jina 'malaria', ambalo sisi tumelipokea katika Kiswahili bila kulibadilisha, ni kumbukumbu ya imani hiyo: linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Mwaka 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi nchini India, aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hewa mbaya ikavuliwa lawama kwa upande wa malaria, ingawa jina lilibaki.

Mwaka huohuo wa 1897, katika mji wa Breslau uliokuwa Ujerumani na ambao leo ni Wrocław nchini Poland, Carl Flügge alikuwa akichapisha matokeo ya majaribio yake. Watu walisukutua kwa maji yenye bakteria walio rahisi kutambulika, kisha wakazungumza ndani ya chumba kilichopangwa visahani vya kuoteshea bakteria. Bakteria hao walipatikana kwenye visahani. Ilibainika kwamba mtu hahitaji kukohoa wala kupiga chafya ili atoe vitu vya kuambukiza. Kuzungumza tu kunatosha. Vitu hivyo Flügge aliviita 'Tröpfchen'. Kijerumani nacho kina kiambishi cha udogo, '-chen', kwa hiyo neno hilo ni 'tone' lililofanywa dogo. Waingereza walipolitafsiri, neno lao la zamani lilikuwa tayari linawasubiri.

Katika mji huohuo wa Breslau na mwaka uleule, mpasuaji Johann Mikulicz alianza kufunika pua na mdomo wake kwa kitambaa cha shashi alipokuwa akipasua wagonjwa. Kwa hivyo dhana ya kitone kinachoambukiza na barakoa ya daktari ni mtu na nduguye. Zilizaliwa mji mmoja, mwaka mmoja.

Baada ya hapo mambo yaliingiliwa na Mmarekani Charles Chapin, msimamizi wa afya katika mji wa Providence. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1910, Chapin alishikilia kwamba magonjwa mengi huenezwa kwa kugusana na kwa vitone vinavyoruka masafa mafupi. Aliona kwamba wanaozungumzia maambukizi ya hewani wanawarejesha watu kwenye ile imani ya hewa chafu, na kwamba mtu akiamini ugonjwa uko hewani hataona haja ya kunawa mikono. Hoja yake ilikuwa na manufaa kwa wakati wake. Hata hivyo, iliwafanya madaktari wa vizazi vilivyofuata waliogope neno 'hewa' kama mtu aliyewahi kung'atwa na nyoka anavyoogopa ung'ong'o.

Mwaka 1934, mhandisi Mmarekani William Wells aliuliza swali ambalo mzee jirani yangu angelipenda: kwani kitone kikishatoka mdomoni huenda wapi? Alipiga hesabu akaona kwamba inategemea ukubwa. Kitone kikubwa huanguka chini kabla hakijakauka. Kitone kidogo hukauka kikiwa bado hewani, na kinachobaki ni kiini chepesi kinachoelea. Mpaka kati ya makundi haya mawili aliuweka karibu na mikroni 100. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70. Hivyo basi, hata kile ambacho Wells alikihesabu kuwa kitone kikubwa ni kitu ambacho jicho hukiona kwa taabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Baltimore, Wells na mwenzake Richard Riley walielekeza hewa iliyotoka katika vyumba vya wagonjwa wa kifua kikuu hadi kwenye vizimba vya wanyama wadogo wa maabara. Wanyama hao hawakuwahi kumkaribia mgonjwa yeyote, lakini waliambukizwa. Kwa upande wa kifua kikuu, ubishi ukaisha. Kwa magonjwa mengine mengi ya kupumua, hali ilibaki vilevile.

Ndipo likatokea kosa ambalo limewashughulisha watafiti katika miaka ya karibuni. Vitabu vya tiba vilianza kusema kwamba mpaka kati ya kitone kinachoanguka na chembe inayoelea ni mikroni 5. Namba hiyo ilihusu ukubwa wa chembe zinazoweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Haikuhusu kuanguka wala kuelea. Lakini ilikaririwa mwaka baada ya mwaka hadi ikageuka kuwa kanuni. Hesabu za fizikia zinasema mambo mengine: katika hewa iliyotulia, kitone cha mikroni 100 hufika sakafuni kwa sekunde chache tu, ilhali cha mikroni 5 huweza kuchukua zaidi ya nusu saa kutoka mdomoni mwa mtu aliyesimama hadi chini. Katika nusu saa, mazungumzo mangapi yamekwisha?

Kwa hiyo korona ilipozuka, neno 'droplets' lilikuwa limebeba mzigo wa miaka mia moja na ushei. Machi 28, 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mtandaoni kwamba ugonjwa huo hauenezwi kwa hewa, bali hasa kwa 'droplets' zilizo nzito mno kuweza kuelea, ambazo huanguka upesi. Julai mwaka huo, wanasayansi Lidia Morawska na Donald Milton, wakiungwa mkono na wenzao 239, waliandika makala kulitaka shirika hilo na mamlaka nyingine zikubali kwamba ugonjwa huweza kusafiri hewani. Ilipofika mwaka 2021, maelezo ya WHO yalikuwa yamebadilika na kutaja kuvuta hewa yenye virusi, hasa katika vyumba vilivyosongamana na visivyopitisha hewa vizuri. Na mnamo Aprili 2024, baada ya mashauriano marefu na taasisi za mabara mbalimbali, ikiwemo taasisi ya Afrika ya kudhibiti magonjwa, WHO ilichapisha ripoti iliyopendekeza mpaka huo wa ukubwa uachwe. Badala yake, vyote viitwe chembe za kupumua zenye maambukizi, ziwe kubwa au ndogo. Wataalamu wa dunia walihitaji miaka minne kukubaliana juu ya istilahi. Sisi tulitarajia mtangazaji wetu aipate kwa saa tatu!

Sasa turejee nyumbani. Kiswahili kina nini?

Nomino 'tone' iko katika ngeli ya LI-YA: tone la maji limeanguka, matone ya maji yameanguka. Ina uhusiano na kitenzi 'tona', yaani kudondoka tone baada ya tone. Neno hili lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu. Waganda, kwa mfano, husema 'enkuba etonnya' kumaanisha mvua inanyesha. Katika pwani yetu, 'kutona hina' ni kumpaka mtu hina, aghalabu bibi harusi. Na mtu akikumbushwa jambo la kumuuma, tunasema ametoneshwa kidonda. Katika matumizi haya, tone ni kitu kinachoonekana au kinachohisika. Hata wahenga waliposema 'chururu si ndo ndo ndo', walitofautisha maji yanayotiririka mfululizo na yale yanayoanguka tone tone. Sauti yenyewe ya 'ndo' ni ya kitu kinachogonga chini.

Tukitaka kuleta dhana ya udogo, kanuni ni rahisi. Nomino ya ngeli ya LI-YA yenye shina la silabi zaidi ya moja hupachikwa 'ki-' katika umoja na 'vi-' katika wingi. Tone huwa kitone, matone huwa vitone. Kwa hiyo waliosema 'vitone' walikuwa wamepatia. Ni tafsiri sahihi ya 'droplets' kimaana na kimuundo: shina lilelile, udogo uleule. Aliyesema 'matone' alirejea kwenye 'drops' na kuuacha udogo nyuma, na udogo ndio uliokuwa kiini cha ujumbe.

Je, waliosema 'vijitone' walikosea? Baadhi ya walimu watasema ndiyo, kwa kuwa 'ki-ji-' hutumika pale shina lina silabi moja, kama mti na kijiti, au mtu na kijitu. Hata hivyo, 'ki-ji-' hutumika vilevile pale nomino yenyewe tayari inaanza kwa 'ki-'. Kitabu huwa kijitabu, kisu huwa kijisu. Tukikubali kwamba kitone ni neno kamili linalojitegemea, hakuna kinachotuzuia kukipunguza zaidi tukapata kijitone. Mimi naona kwamba hapa lugha ilikuwa imetangulia kutupa ngazi tatu ambazo Wells alizihitaji: tone la mate linaloonekana kwa macho, kitone kinachoruka na kuanguka karibu, na kijitone kilichokauka kinachoelea. Hizo ngazi tulizitumia ovyo ovyo kana kwamba zote ni kitu kimoja.

Lakini hata ngazi hizo zina upungufu. Kwanza, udogo katika Kiswahili mara nyingi huambatana na dharau. Mtu akiitwa kijitu, hajasifiwa. Msikilizaji anayesikia 'kijitone' anaweza kudhani anaambiwa ni kitu kisicho na madhara. Pili, hata ukikipunguza mara ngapi, kitone kinabaki kuwa tone, na tone huanguka. Aliyetahadharishwa kuhusu vitone atajitenga kwa mita moja na kufunga dirisha, akiamini amejikinga.

Hapa ndipo tulipaswa kuchungulia ghala letu wenyewe. Mswahili wa pwani, mkulima wa milimani na mvuvi wa ziwani wote wanajua kwamba maji hayana sura moja tu ya kuanguka. Tuna rasharasha na manyunyu, ambayo hulowesha nguo bila mtu kuona tone hata moja. Tuna umande, ukungu na mvuke. Anayeambiwa kwamba mtu akizungumza hutoa kitu kama ukungu usioonekana, hataulizia mate. Ataulizia dirisha.

Mfano wa kutumia ghala la lugha tunao, na ulitokana na korona hiyohiyo. Neno 'barakoa' halikubuniwa mwaka 2020. Lilikuwepo zamani katika upwa wa Afrika Mashariki, likitaja kifuniko cha uso walichovaa wanawake, hasa wa tabaka la juu Unguja, desturi ambayo ina nduguye Oman na nchi za Ghuba hadi leo. Vazi lilipotoweka, neno lilisalia kamusini likipigwa na vumbi. Haja ilipotokea, lilipanguswa na kurejeshwa kazini, na leo mtoto wa shule ya msingi analitumia bila kusita. Majirani zetu Watanzania nao waliunda UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona wa mwaka 2019. Wao wana Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tangu mwaka 1967. Kenya ilikumbana na janga hili ikiwa na katiba ya mwaka 2010 inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini bila chombo kama hicho cha kukaa na madaktari na wanaisimu pamoja. Mzigo ukamwangukia mhariri wa zamu.

Ningependekeza mambo matatu. Mosi, katika maandishi ya kitaalamu, 'kitone' na wingi wake 'vitone' vitumike kwa 'droplets', na 'matone' yaachiwe yale yanayoonekana kwa macho. Pili, kwa zile zinazoelea hewani, tuseme 'chembe za hewani' au, pale mtaalamu anapohitaji istilahi moja, 'erosoli', mradi ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza. Tatu, tunapozungumza na umma tusiwe watumwa wa nomino ya Kiingereza. Kiswahili kina neno 'pumzi'. Ukimwambia mtu kwamba ugonjwa huu huenezwa kwa pumzi ya mgonjwa, na kwamba pumzi hiyo hukaa ndani ya chumba kilichofungwa, umemweleza lolote ambalo 'droplets' ilishindwa kumweleza.

Haya si mambo ya korona iliyopita tu. Kifua kikuu bado kiko nasi, na kinaenea kwa njia hiyohiyo katika matatu yenye madirisha yaliyofungwa, katika seli za rumande na katika mabweni. Surua hali kadhalika. Janga jingine la kupumua likija, tutakutana tena na neno hili dogo, na haitafaa tuanze kubishana upya.

Nilimrudia yule mzee baadaye, asubuhi moja ya Julai yenye baridi kali. Tulikuwa tumesimama nje, na kila tulipofungua kinywa pumzi yetu ilionekana ikitoka kama moshi. Nikamwonyesha: "Mzee, ni hii. Siku ya joto huioni, lakini hutoka vilevile." Alipuliza pumzi mara mbili, akaitazama inavyosambaa hadi ikatoweka. Kisha akacheka. "Kumbe ni pumzi! Si mngesema hivyo tangu mwanzo?" Aliporudi ndani kwa wenzake, nilisikia dirisha likifunguliwa.